Namba Kumi na Nne

Redio sita zilifika shuleni mwezi wa Septemba, mwaka wa 1997, ndani ya katoni iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mwalimu mkuu, mama wa maamuzi ya haraka, aliamua bila kuuliza mtu kwamba Madam Wawira ndiye atakayezishughulikia. Winfred Wawira alikuwa mwalimu wa fizikia. Hiyo ilitosha.

Ilikuwa sekondari ya bweni ya wasichana, upande wa juu wa Kaaga, imejengwa kwenye mteremko kiasi kwamba mtu aliyeko getini hawezi kuona mabweni, na aliyeko bwenini hawezi kumwita aliyeko ofisini hata akipiga mayowe. Muhula wa pili, msichana wa kidato cha pili aitwaye Kinya alishikwa na pumu bwenini. Wenzake walipokuwa wamekimbia hadi kwa matroni na kurudi, midomo yake ilikuwa imeshageuka rangi. Alipona, lakini wafadhili wa kanisa walisikia habari hizo, na redio zikaja.

Watu waliziita redio koli. Kila moja ilikuwa nzito kama nusu tofali, ina mkia mfupi wa mpira juu, kitufe cha kubonyeza ukitaka kusema, na kitaa kidogo cha kijani kinachowaka mtu mwingine anaposema. Moja alipewa Mithika, mlinzi wa geti. Nyingine Ntinyari, matroni. Nyingine mwalimu mkuu, naibu wake Mwalimu Riungu, mpishi mkuu, na ya sita Wawira mwenyewe. Juu ya tangi la maji waliweka mlingoti mrefu wa chuma kusaidia sauti kufika.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha. Wiki ya pili shida ikaanza. Madereva waliokuwa wakibeba miraa kutoka Kangeta nao walikuwa na redio zao za kuambiana barabara iko vipi, na walikuwa kwenye chaneli ile ile. Asubuhi moja ya Jumatatu, Mwalimu Riungu akiwa anasoma Biblia mbele ya shule nzima, redio iliyoning'inia kwenye mshipi wake ilipaza sauti ya mwanamume, "Wewe mjinga, toa hiyo gari yako kwa njia!" Wasichana mia nne walicheka mpaka mstari ukavunjika.

"Madam," Riungu alimwambia Wawira baada ya ibada, uso wake bado umekunjamana, "hawa watu watoke. Sitaki kuwasikia tena."

Wawira alikaa na kijitabu cha redio mchana kutwa ndani ya maabara. Aligundua kwamba nyuma ya kila redio, chini ya betri, kuna vidude viwili vya kuzungusha. Kimoja ni cha chaneli. Kingine kiliitwa namba ya faragha, kutoka sifuri hadi thelathini na nane. Redio zote sita zikiwekwa namba moja, kila moja itafungua sikio lake kwa wenzake tu. Alichagua kumi na nne bila sababu yoyote. Alizungusha vidude kwa ncha ya kisu, akarudisha betri, akajaribu. Madereva walinyamaza kama waliofungiwa mlango.

Riungu alitangaza kwenye mkutano wa walimu kwamba mtu yeyote mwenye redio yake binafsi ailete kwa Madam Wawira iwekwe namba ya shule. Ntinyari alikuwa nayo moja, zawadi ya kaka yake anayepeleka wageni mlimani, lakini ilikuwa chini ya sanduku la nguo na alisahau.

Watu walizoea. Walianza kuongea kwenye redio kama mtu anavyoongea jikoni kwake. Ntinyari aliomba dawa na kutaja nani anaumwa na nini. Mwalimu mkuu alimweleza Riungu kwamba daktari amemkuta na sukari, na kwamba asimwambie mtu.

Oktoba mvua ikaanza, ile mvua ambayo mpaka leo watu wanaiita Elinino. Haikuwa mvua ya kunyesha na kuacha. Ukungu ulishuka kutoka msituni, ukakaa juu ya shule siku baada ya siku, ukaingia mpaka madarasani. Sare hazikukauka. Ilipofika saa kumi jioni taa zilikuwa zimeshawashwa.

Aliyeona kwanza ni Mithika. Alikuja maabara jioni moja, koti la mvua linachuruzika, ameshika redio mbali na mwili wake.

"Muga, Madam," alisalimu. "Hii kitu yangu inaamka yenyewe."

"Inaamkaje, mzee?"

"Hii taa. Inawaka na hakuna mtu anaongea. Kila siku hiyo saa kumi na mbili. Ngoja tu uone."

Wawira aliangalia saa. Ilibaki dakika tatu. Walisimama wawili hao kando ya meza, redio ya Mithika na ya Wawira zikiwa zimelala ubavu kwa ubavu. Saa kumi na mbili kamili kitaa cha kijani kikawaka kwenye zote mbili kwa mpigo. Hapakuwa na sauti, hata mkwaruzo. Kikawaka kwa muda wa mtu kusema maneno kumi hivi, kikazimika. Baada ya kama nusu dakika kikawaka tena. Kikazimika. Kikawaka.

"Ni wale madereva," Wawira alisema. "Wako kwenye chaneli yetu, lakini namba yao si yetu, kwa hivyo redio inawanyamazisha. Taa inaonyesha tu kwamba kuna mtu."

Mithika alitikisa kichwa. "Madereva huongea wote pamoja. Huyu anaongea, halafu anangoja. Anaongea, anangoja. Na kitu kingine, Madam. Mimi nikisema geti imefungwa, hapo tu nikiachilia hiki kitufe, inawaka. Ni kama ananijibu."

"Mzee Mithika, nenda nyumbani ukaote moto."

Mithika alienda. Wawira alibaki akiangalia kitaa hadi kilipozimika moja kwa moja, dakika kumi baadaye. Kuanzia siku hiyo, ikikaribia saa kumi na mbili, aliitia redio yake ndani ya droo na kuifunga. Hakujiuliza kwa nini.

Katikati ya Novemba, siku ya Jumatatu, Ntinyari aliingia maabara bila kubisha. Alikuwa mwanamke mnene mwenye utulivu, aliyezoea damu na matapishi ya watoto, na Wawira hakuwahi kumwona akiwa na hofu. Sasa alitazama nyuma yake mara mbili. Alikuwa ameshika redio ndogo ya manjano.

"Nilikuwa natafuta sweta," alisema. "Nikaipata hii, ile ya brother yangu. Nikaitia betri jana jioni. Madam, kuna mtu ndani."

"Mtu gani?"

"Mama. Sijui anasema nini, si Kimeru. Lakini alitaja Kinya. Akataja Mithika. Akanitaja mimi. Ntinyari, hivyo hivyo."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Walifunga mlango wa maabara, wakakaa kwenye viti virefu vya wanafunzi. Nje ukungu ulikuwa umeficha hata bomba la maji lililokuwa hatua tano kutoka dirishani. Redio ya manjano haikuwa na namba yoyote, ilikuwa kwenye chaneli ile ile na sifuri yake jinsi ilivyotoka dukani. Ile ya Wawira, yenye kumi na nne, aliiweka kando yake.

Saa kumi na mbili kasoro kidogo, redio zote mbili zilitoa sauti ya Mithika. "Geti imefungwa. Geti imefungwa."

Kisha vitaa vikawaka. Redio ya Wawira ilikaa kimya. Ya manjano ikasema.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nyembamba, imechoka, ya mtu anayeongea karibu sana na kitu anachokishika. Wawira aliitambua lugha kabla hata hajaelewa maneno: ilikuwa Kimbeere, lugha ya nyumbani kwao Kiambere, ambayo hakuwa amemsikia mtu akiisema hapo Kaaga kwa miaka mitatu.

"Anasemaje?" Ntinyari alinong'ona.

Wawira alitafsiri taratibu, sentensi kwa sentensi, kila kitaa kilipozimika.

"Anasema, Mithika amefunga geti, nimesikia. Anasema, yule mtoto Kinya, kifua chake kimelala leo? Jana mlisema anakohoa." Aliisogelea redio. "Anasema, mimi ni yule yule. Maji hayajapungua. Munyi bado ana homa. Unga umebaki wa siku mbili." Kitaa kikawaka tena, kikazimika. "Anasema, nawasikia nyote kila siku. Kama kuna kitu nimewakosea, niambieni."

Ntinyari alijishika mdomo.

Ndipo Wawira alipofungua droo, akatoa kijitabu, akatafuta ule ukurasa. Chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo alikuwa ameyaruka, iliandikwa kwamba namba ya faragha huchuja unachokisikia wewe. Haimzuii mtu mwingine kukusikia. Alisoma mara mbili. Karibu miezi miwili shule nzima ilikuwa imeziba masikio yake na kudhani imeziba mdomo. Na huko nje kulikuwa na mtu aliyewasikia wakiagiza dawa, wakiulizana kama chakula kimeiva, wakiambiana siri zao, na kila alipowajibu hakuna aliyegeuka.

Alichukua redio yake, akabonyeza kitufe.

"Mama," alisema kwa Kimbeere. "Mama, tunakusikia."

Mvua ilipiga mabati. Halafu kitaa kikawaka, na kwa muda redio ya manjano ilitoa pumzi tu.

"Nani huyo anaongea lugha ya kwetu?"

"Naitwa Wawira."

"Wawira wa nani?"

"Wa Njiru. Wa Kiambere."

"Njiru aliyekuwa na mizinga mingi? Yule aliyehamishwa maji ya bwawa yalipokuja?"

"Huyo ndiye baba yangu."

Mwanamke alianza kulia. Alilia huku amebonyeza kitufe, na hawakuweza kufanya lolote ila kusikiliza mpaka akakiachilia.

Kwa maswali mafupi Wawira alipata habari yote. Aliitwa Wambura. Mumewe, Munyi, alikuwa mlinzi wa kambi ya watu wa kupima ardhi, kwenye kilima kilicho peke yake ng'ambo ya Kiambere. Mvua ilipoanza wapimaji waliondoka kwa gari wakasema watarudi baada ya siku nne. Waliacha redio kubwa yenye mlingoti, na kibao cha kutia betri moto wa jua. Walimwonyesha pa kubonyeza, wakamwambia kila siku saa kumi na mbili jioni aseme, kutakuwa na mtu wa kumjibu. Kisha mikondo yote miwili ya chini ya kilima ikajaa, maji yakazunguka, na hakuna aliyerudi. Alisema kila siku jinsi alivyoambiwa. Sauti pekee alizozisikia zilikuwa za shule ambayo hakujua iko wapi.

"Nilidhani mmenikataa," alisema.

"Hatukukukataa, mama. Tulikuwa hatusikii. Sasa tunatafuta watu. Shikilia tu."

"Betri inaisha," Wambura alisema. "Jua halijatoka. Nitazima."

Usiku huo Wawira hakulala vizuri. Kijitabu kilisema redio hizo hufika kilomita kumi, kumi na tano ukiwa mahali palipoinuka. Kiambere ni mbali mara nyingi zaidi ya hapo. Alijiambia kwamba mlingoti uko juu ya tangi, kwamba kutoka Kaaga ardhi inateremka mpaka mto Tana, kwamba mawimbi wakati mwingine husafiri kwa njia ambazo mtu hazitarajii. Angeweza kulifundisha hilo ubaoni. Haikumsaidia kusinzia.

Asubuhi ya Jumanne alijaribu simu ya ofisini. Laini za Embu zilikuwa zimekatika. Alitoa betri ya redio yake, akageuza namba ya faragha hadi sifuri, na mara kelele za madereva wa Kangeta zikajaa ofisi ya walimu. Alisubiri mwanya.

"Samahanini," alisema. "Naomba msaada. Mimi ni mwalimu."

Walicheka kwanza. Mmoja alimwuliza kama anatafuta mume. Kisha sauti nzito ikawaambia wanyamaze.

"Sema, Mwalimu. Hapa ni Mutegi. Naenda Nairobi kupitia Embu."

Alimweleza. Mutegi hakuuliza maswali mengi. Alirudia majina, Wambura na Munyi, akarudia jina la kilima, akasema atasimama Embu kwenye ofisi za serikali na hataondoka hapo mpaka mtu aandike. "Miraa itakauka kidogo," alisema. "Wacha ikauke."

Mwalimu mkuu alipopata habari aliwaita Wawira na Riungu ofisini. Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi, na hilo lilikuwa baya zaidi. Habari ilikuwa imeshafika bwenini, na wasichana wawili walikuwa wamelia wakisema kuna mama anayeita majina kutoka kwenye redio.

"Madam, tulifunga ili tupate amani," Riungu alisema.

"Tulifunga masikio yetu, Mwalimu. Yale tunayosema yanaenda nje kama zamani. Yeyote mwenye redio anasikia."

"Yote?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Yote."

Jioni hiyo walikuwa wanne maabara: mwalimu mkuu, Riungu, Ntinyari na Wawira. Redio ya Wawira na ile ya manjano zote zilikuwa sifuri. Saa kumi na mbili kamili vitaa vikawaka, na sauti ya mwanamke ikaja, nyembamba, ikiongea Kimbeere. Haikusalimu.

"Wanaokuja wasipite kwenye daraja la magogo," ilisema. "Limebaki kwa macho tu, chini hakuna kitu. Wazunguke juu, penye mawe meusi. Hapo maji yanafika magotini."

"Mama, uko salama?" Wawira aliuliza. "Munyi yuko aje?"

"Penye mawe meusi," sauti ilisema tena. "Waambie." Kisha, "Na mama mkubwa wa shule anywe dawa yake ya sukari. Asiiache."

Wawira alitafsiri kabla hajafikiri. Mwalimu mkuu alikuwa Mmeru, lakini aliwahi kufundisha Embu, na alikuwa ameshaelewa. Aliinuka, akashika ukingo wa meza. Alimwangalia Riungu, na Riungu akatikisa kichwa haraka, kama kusema, sikumwambia mtu.

"Zima," alisema. "Zima zote. Kusanyeni hizo zingine mniletee." Alifika mlangoni, akasimama kwa muda akiwa amewapa mgongo. "Yako, Madam, kaa nayo mpaka hao watu watoke. Lakini mimi nisiisikie."

Jumatano asubuhi Mutegi alikuwa akirudi kutoka Nairobi. Sauti yake ilianza kupatikana alipokaribia Chuka. Alisema mzee mmoja wa kanisa na askari wawili wa utawala wametoka Embu, wana kamba na tyubu za trakta, na watalala njiani kwa sababu ya tope. Wawira alimpa maneno ya mawe meusi. Mutegi aligeuza gari pale pale, akarudi nyuma mpaka akawapata Ishiara, akawaambia kwa mdomo wake.

Jioni hiyo sauti ilisema maneno machache tu. "Wamefika kwenye mteremko. Wamewasha moto. Mmoja wao anaogopa." Wawira aliuliza, akauliza tena. Kitaa hakikuwaka.

Alhamisi hakuna aliyemwambia Wawira lolote mchana kutwa. Alifundisha somo la mwanga bila kukumbuka alichosema. Saa kumi na mbili alikaa na Ntinyari, wawili tu. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dirisha lilionekana kama limepakwa chokaa kwa nje.

Kitaa kikawaka.

"Wamevuka," sauti ilisema. "Asanteni. Sasa mnaweza kufunga."

Kikazimika. Walingoja hadi saa moja na nusu. Ntinyari alikuwa amemshika Wawira mkono, na walipoachana alama za kucha zilikuwa zimebaki.

Ijumaa simu ya ofisini ikafanya kazi. Mzee wa kanisa alipiga kutoka Embu. Wambura na Munyi walikuwa hospitalini, hai wote wawili. Munyi alikuwa na malaria mbaya na nyayo zimeoza kwa maji, lakini angepona. Waokoaji walikuwa wamevukia penye mawe meusi, wakawakuta wamekaa juu ya meza ya wapimaji, mbuzi wawili wamelala chini yake. Mwalimu mkuu alilitangaza kwenye mstari, na wasichana wakaimba, na Kinya, aliyekuwa ameambiwa kwamba mama mmoja wa mbali alikuwa akiulizia kifua chake kila siku, alilia mpaka akapelekwa kwa matroni.

Desemba shule zilifungwa. Wawira alikwenda kwao Kiambere, na siku ya tatu alitembea hadi kwa dada yake Munyi, ambako wazee hao walikuwa wamepewa chumba. Wambura alikuwa mdogo wa umbo kuliko sauti yake, amekonda, macho makali. Alimkumbatia Wawira kwa muda mrefu. Alimpikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na ndengu, akakataa asaidiwe hata kuosha sufuria. Munyi alikaa kivulini, miguu imefungwa vitambaa, akitabasamu tu.

"Nilitaka kukuona wewe uliyenijibu," Wambura alisema. "Ile jioni moja iliniweka hai."

"Zilikuwa jioni nne, mama."

Wambura alimwangalia.

"Jumatatu tulipojuana," Wawira alisema. "Halafu Jumanne, uliposema wasipite kwenye daraja. Jumatano na Alhamisi pia."

"Mwanangu, tuliongea mara moja. Usiku ule ule wa Jumatatu upepo uling'oa mlingoti ukauangusha juu ya redio. Ilivunjika vipande. Mwulize Munyi. Waulize wale askari, waliiona."

Munyi alikuwa ameacha kutabasamu. "Ilivunjika," alisema. "Mimi ndiye niliyeitupa nje, ilikuwa inanuka moto."

Wawira aliweka sahani chini. Alisikia kuku wakiparura nyuma ya nyumba, na mbali zaidi mtu akikata kuni.

"Basi nani aliniambia kuhusu mawe meusi?"

"Mawe gani meusi?"

"Pale pa kuvukia, upande wa juu. Maji yanafika magotini. Uliniambia niwaambie."

Wambura alimgeukia mumewe. Alipojibu, aliongea polepole. "Mimi sikujua kama panavukika hapo. Ningejua, Wawira, ningekuwa nimembeba huyu mume wangu mgongoni nikavuka siku ya kwanza."

Hawakuongea tena juu ya jambo hilo. Wambura alimfungia asali kwenye chupa, akamsindikiza hadi njia panda, na walipoagana alimshika uso kwa mikono miwili, akamwangalia kama anayetaka kuhakikisha ni mtu.

Wawira alimweleza Riungu Januari, shule zilipofunguliwa. Riungu alifikiri kwa uaminifu, akizungusha kalamu. Alisema redio yoyote iliyo wazi ingeweza kusikia mazungumzo ya Jumatatu. Mtu mwingine wa kule, mchungaji wa mifugo labda, mwenye redio yake, alisikia, akaona afadhali asaidie. Alijua nchi. Alijua pa kuvukia. Na ya sukari, si mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ameyasema hewani?

"Inawezekana," Wawira alisema.

"Sasa?"

"Sasa huyo mchungaji ilikuwaje ana sauti ya Wambura?"

Riungu aliacha kuzungusha kalamu. "Wanawake wazee husikika sawa kwenye redio," alisema, lakini hakumtazama.

Ntinyari alipoambiwa alitoa betri kwenye redio ya manjano, akazitupa chooni, na redio yenyewe akamrudishia kaka yake. Wawira alikuwa akikumbuka jambo moja ambalo hakumwambia yeyote isipokuwa Ntinyari: kwamba kuanzia Jumanne sauti ile haikuuliza tena habari za Kinya. Wambura hangesahau.

Mwalimu mkuu aliruhusu redio zitumike tena kwa sharti ziwe na namba. Wawira alizirudisha kwa wenyewe zikiwa na namba kumi na nne, zote isipokuwa ya kwake, akaandika karatasi akaibandika ofisini, jikoni na getini: Unayoyasema hapa yanasikika nje. Watu wakawa waangalifu. Ntinyari aliomba dawa bila kutaja jina la mtoto. Mithika alisema geti limefungwa, akaachilia kitufe, akaangalia kitaa mpaka ajiridhishe. Hakikuwaka.

Yake Wawira aliiacha sifuri. Kila siku saa kumi na mbili, kwa karibu miaka miwili, aliiweka mezani na kusikiliza robo saa. Aliwasikia madereva wakitukanana na kupatana. Alimsikia Mutegi akitangaza kwamba amepata mtoto wa kike. Alisikia mikwaruzo, na mvua, na vipande vya nyimbo kutoka mahali asipopajua. Mwaka wa 1999 alihamishiwa Siakago, akaenda kukabidhi vitu vya shule kwa Riungu. Riungu aliipokea redio, akaigeuza, akaona ile sifuri.

"Umewahi kusikia kitu?"

"Hapana," Wawira alisema. "Lakini kila niliposikiliza, nilikuwa nasema asante kwanza. Sijui kama ilifika."

Riungu aliandika kwenye daftari la vifaa, redio moja, hali nzuri, akamwomba aweke sahihi.